Damu Kwenye Kiti cha Mwenyekiti

Damu iliyokutwa kwenye gari la Mzee Faustine Ngeleja haikuwa ya mtu.

Inspekta Fadhila Khalfani aliyasoma majibu ya maabara akiwa bado amesimama, kisha akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza, alikokaa Koplo Twalibu.

"Ya ng'ombe," Twalibu alisema. "Afande, hawa si wanatengeneza chakula cha kuku?"

"Ndicho ninachojiuliza."

Mzee Ngeleja, mwenye kiwanda cha chakula cha kuku pale Kongowe, alikuwa ametoweka tangu wiki iliyotangulia. Pikapu yake ilionekana Janga, pembeni ya mashamba ya mpunga, mlango uko wazi na damu imekauka kwenye kiti cha dereva. Wanakijiji walisaidiana na polisi kupekua mabonde, wasipate hata kiatu. Halafu jana, katika upekuzi, saa ya mkononi ya mzee ikakutwa chini ya zulia la gari la mwanawe mkubwa, Bernard. Bernard akalala mahabusu. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alikuwa ameshatoa amri: kesho asubuhi apandishwe kizimbani kwa mauaji. Kosa hilo halina dhamana. Akishaingia gerezani, angeweza kukaa miaka akisubiri kesi yake isikilizwe.

"Mlete," Fadhila alisema.

Bernard aliletwa akiwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda ulikuwa kaunta. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikaa bila kusubiri kuambiwa.

"Dada yako anasema mlipotoka kwenye kikao ulimwambia baba yako, 'Nitakuondoa.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Kumwondoa kwenye kiti, afande. Kiti cha uenyekiti."

"Nieleze kama mtu asiyejua mambo ya kampuni."

Bernard alipumua. "Mwaka juzi mzee alilazwa kwa sukari, kiwanda kikasimama. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahindi yanatoka kwa nani, nani asaini nini, ufunguo wa stoo anao nani. Alipopona tukakubaliana Ngeleja na Wanawe iendeshwe kama kampuni, siyo kama duka la baba. Tukaunda bodi. Yeye mwenyekiti. Mimi, Stellamaris na Mama Esteria wakurugenzi. Na mtu mmoja kutoka nje, asiye wa ukoo. Mwenyekiti anakaa miaka miwili, halafu tunapiga kura. Mzee alisaini mwenyewe, tukapiga na picha."

"Miaka miwili ikaisha."

"Ikaisha, akasema hawezi kupigiwa kura na watoto aliowanunulia nepi."

"Ungemshinda?"

"Yeye na Mama Esteria, kura mbili. Mimi na yule wa nje, mbili. Imebaki ya Stella, na Stella hakumwambia mtu."

"Kwa hiyo baba yako akiondoka duniani, njia nyeupe."

"Akifa, ndiyo, tunachagua mwingine. Lakini mzee hajafa, afande. Amepotea. Utaratibu wetu unasema kikao cha uchaguzi hakikai bila mwenyekiti, na mtu aliyepotea bado ni mwenyekiti mpaka mahakama iseme amekufa. Hiyo ni miaka. Kama nimemuua kwa ajili ya kiti, mwili nimeuficha wa nini?"

Fadhila alichukua kalamu. Aliandika mstari mmoja, akaukata, akaandika mwingine.

"Saa ilifikaje kwenye gari lako?"

"Sijui. Gari langu linalala kwa mzee. Nilikopanga hakuna uzio."

"Funguo za akiba?"

"Zinaning'inia jikoni kwa mama."

"Mama yako ndiye huyo Esteria?"

"Aliyenizaa alifariki nikiwa darasa la pili. Mama Esteria ndiye aliyenilea." Kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Anajua niko hapa? Mwambieni asije. Ana presha."

Alipoondolewa, Twalibu alifunga mlango. "Unamwamini?"

"Naiamini hesabu yake ya kura. Kupotea kwa mzee kunamsaidia mtu asiyetaka kikao kikae, na Bernard ndiye aliyekitaka." Fadhila alichukua kofia yake. "Twende Kongowe."

Nyumba ya Mzee Ngeleja ilikuwa imejaa watu. Wanawake wa jumuiya walikaa kwenye mikeka sebuleni wakisali rozari, na Mama Esteria alikuwa katikati yao, kanga kichwani, mwanamke mnene mwenye uso wa upole. Stellamaris, binti yake wa pekee, alikuwa mlangoni akipokea wageni. Ndiye aliyeripoti kupotea kwa baba yake. Ndiye pia aliyetoa maelezo kuhusu maneno ya Bernard, na siku ile alilia mpaka kalamu ikamponyoka.

"Shikamoo mama," Fadhila alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna habari?"

"Bado. Naomba maji ya kunywa tu. Usisumbuke, nitachukua mwenyewe."

Jikoni, msumarini, zilining'inia funguo kama Bernard alivyosema. Fadhila alifungua friji. Siku ya kwanza ya upelelezi aliifungua friji hiyohiyo, na mlangoni, juu ya mayai, palikuwa na boksi la insulini ya mzee. Mayai yalikuwepo. Boksi halikuwepo.

Alirudi sebuleni na glasi mkononi, akamwomba mama watoke kidogo barazani. Stellamaris akawafuata.

"Mama, zile sindano za sukari za mzee ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Lini?"

"Sikumbuki. Nikizitazama roho inaniuma."

"Unaamini mzee atarudi?"

"Kila siku namwomba Mungu amrudishe."

"Akirudi leo, atajichoma nini?"

Mama Esteria alikunja pindo la kanga. Kisha akaanza kulia, akajifunika uso kwa kanga. Fadhila alisubiri. Kilio kilikuwa kirefu, lakini kanga ilipoondoka usoni, ilikuwa kavu.

"Niache na majonzi yangu," mama alisema, akaingia ndani.

Stellamaris alibaki ameshika nguzo ya baraza. "Afande, ile dawa niliinunua mimi. Boksi jipya. Mama hajawahi kutupa kitu. Hata makopo ya maziwa anayahifadhi."

"Dada Stella, nyie mna ng'ombe?"

"Ng'ombe? Hapana. Tulikuwa nao Mzenga, kule Kisarawe. Baba aliwauza tulipounda bodi. Bodi ilisema mali yote iwekwe wazi, yeye akasema wale kashauza."

"Uliwaona wakiuzwa?"

"Alisema." Stellamaris aliondoa mkono kwenye nguzo. "Baba alisema."

Fadhila alimwita Twalibu pembeni. "Baki hapa. Kaa na hao kina mama, sali nao ukitaka. Huyu mama asiguse simu mpaka nikwambie."

Fadhila aliondoka na dereva wa polisi. Kiwandani, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na vumbi la mahindi limetanda mpaka getini. Dulla, dereva wa kampuni, kijana aliyevaa kofia nyuma mbele, alikuwa anapakia magunia kwenye Canter. Alipoona sare, aliangusha gunia.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa wateja, afande. Mlandizi, Chalinze, huko huko."

Fadhila alipasua pembe ya gunia kwa ufunguo, akamimina kidogo kiganjani. Yalikuwa mashudu ya pamba, chakula cha ng'ombe.

"Kuku wa Chalinze wanakula mashudu?"

Dulla alicheka peke yake, akaacha. Fadhila alifungua mlango wa gari. Chini ya kiti cha abiria kulikuwa na deli dogo la kuwekea vitu vya baridi. Ndani yake barafu ilikuwa imebaki maji, na kipande cha boksi la dawa kilikuwa kimelowa na kuganda pembeni.

"Dulla, kesho Bernard anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Hili deli likionekana mahakamani, nawe utakuwa pembeni yake."

"Afande, mi naendesha tu! Sijaua mtu mimi!"

"Ulilipeleka wapi?"

"Mzenga. Kwenye zizi la mzee. Mama alisema nisimwambie mtu, hata Stella, hata bosi Bernard. Alisema ni mambo ya familia."

"Ulimpa nani?"

"Mchungaji wa ng'ombe. Sikuvuka uzio. Wallahi tena, sikuuliza. Ukiwauliza hawa wenye kiwanda mambo yao, unakosa kazi."

Stellamaris alikuwa amesimama nyuma ya Fadhila. Alikuwa amewafuata na gari lake bila kuambiwa.

"Naenda na nyinyi," alisema.

"Hatujui tutakuta nini."

"Ndiyo maana naenda."

Fadhila alimpigia simu mkuu wake. Alimweleza kuhusu damu, dawa na deli, akaomba apewe mpaka jioni. Mkuu alinung'unika, akakubali. Walipopita Kibaha, Stellamaris aliliacha gari lake kituoni, akapanda la polisi. Wakakamata njia ya Kiluvya, wakapita Kisarawe mjini, kisha lami ikawaacha. Barabara ilipanda na kushuka kati ya mihogo na mikorosho, na kila walipopishana na lori walifunga vioo. Stellamaris alizungumza walipovuka reli ya TAZARA.

"Kama kafungwa huko," alisema, "kuna watu wametumwa na Bernard wanamlinda?"

"Unafikiri Bernard angemtumia baba yake dawa kwa mkono wa mama yako?"

Stellamaris aligeukia dirishani.

Zizi lilikuwa nyuma ya nyumba ya tofali za saruji iliyoezekwa bati jipya. Hapakuwa na mlinzi wala kufuli. Ng'ombe walikuwa wengi, wanene, na katikati yao mwanamume mzee mwenye singlendi na mabuti ya mpira alikuwa amemkumbatia ndama shingoni, huku mchungaji akimnyunyizia dawa ya kupe. Mzee alikuwa anamchekea ndama.

Stellamaris alishuka kabla gari halijasimama.

"Baba!"

Mzee Faustine Ngeleja aliinua kichwa. Alimwona binti yake, akaliona gari la polisi, akamwachia ndama. Stellamaris alimfikia, akamshika mabega, akamshika mikono, akamgusa uso kama mtu anayetafuta jeraha. Hakulipata. Aliondoa mikono yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Uko mzima," alisema.

"Niko mzima, mayu." Ndivyo alivyomwita tangu utoto, kwa Kisukuma, kama vile anamwita mama yake. "Msilie. Karibuni ndani, kuna maziwa."

"Hatukuja kunywa maziwa," Fadhila alisema. "Gari lako ulilipeleka Janga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na damu?"

"Tulichinja dume hapa, nikachukua kidogo kwenye dumu." Alisema bila aibu, kama mtu anayeeleza kazi ya siku. "Nilitaka wanitafute. Nilitaka waone kiwanda bila Ngeleja kinavyokuwa. Mke wangu alinifuata Janga, akanileta."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanangu walitaka kunipigia kura!" Sauti ilipanda, ng'ombe wakasogea. "Nilianza na mashine moja ya kukodi. Nilibeba magunia mgongoni. Leo wananiletea mtu wa nje, ananiuliza mimi, mbele ya watoto wangu, kwa nini stoo ina ufunguo mmoja. Wakaandika taratibu. Sawa. Taratibu zao zinasema bila mimi hakuna kikao. Basi nikawaachia taratibu zao."

"Ulisaini, baba," Stellamaris alisema. "Hakuna aliyekushika mkono. Tulikubaliana wote."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Ulisaini ukiwa umepona. Na ng'ombe? Ulituambia umewauza."

Mzee aligeuka, akampapasa ndama.

Fadhila aliuliza taratibu: "Unajua Bernard yuko wapi?"

"Esteria kanipigia jana. Kaniambia polisi wanamhoji."

"Na wewe ukakaa."

"Nilisema acha apate adabu kidogo. Mtoto gani anamwambia baba yake 'nitakuondoa'? Siku mbili ndani hazimuui mtu."

"Hahojiwi, mzee. Kesho asubuhi anashtakiwa kwa kukuua wewe. Halina dhamana hilo."

Mzee alimtazama Fadhila, kisha binti yake, kama anayesubiri mmoja wao aseme ni utani.

"Kwa damu ya ng'ombe?"

"Kwa saa yako. Ilikutwa chini ya zulia la gari lake."

"Saa gani? Saa yangu niliiacha kitandani. Mchana ule kabla sijaondoka niliivua, nikaiacha juu ya mto. Aliyekuwa chumbani ni..."

Stellamaris alikaa chini palepale, kwenye udongo wa zizi, na gauni lake la kanisani.

"Mama," alisema.

Fadhila alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha. "Mzee Faustine Ngeleja, uko chini ya ulinzi kwa kutengeneza ushahidi wa uongo na kulipotosha jeshi la polisi. Vaa shati. Chukua na dawa yako."

Njiani kurudi, mzee alikaa nyuma na binti yake. Mara mbili alimwita mayu. Mara zote mbili Stellamaris aliendelea kutazama barabara. Walipokaribia Kiluvya, mzee aliinama mbele, akamuuliza Fadhila kwa sauti ya chini:

"Afande, nikiwa mikononi mwenu, kile kikao kinaweza kukaa?"

"Waulize wanao."

Mama Esteria alikuwa ameshaletwa kituoni walipofika Kibaha, jua likiwa bado liko juu ya paa la soko. Alikuwa amekaa wima kwenye chumba cha mahojiano, rozari mkononi, Twalibu amesimama mlangoni. Alipomwona mumewe akipita kwenye korido, hakushtuka. Alihesabu punje nyingine ya rozari.

"Saa uliiweka wewe," Fadhila alisema.

"Nani kasema?"

"Mume wako anasema aliiacha kwenye mto."

Mama Esteria aligeuza kichwa kuelekea mlango uliokuwa wazi. "Umeniuza, Faustine?"

"Umemfunga mwanangu," mzee alijibu kutoka kwenye korido.

"Wewe ulijua yuko ndani ukaendelea kukogesha ng'ombe! Mimi na wewe nani kamfunga?" Aliitupa rozari mezani. "Mnajua kiwanda kile kimejengwa na nani? Mimi ndiye niliyepepeta mahindi usiku na mchana, mtoto mgongoni. Mama yake Bernard hakuwahi kukiona. Leo Bernard ndiye mkubwa, Bernard ndiye anayesikilizwa na mtu wa nje, Bernard akae kwenye kiti. Na wangu?"

"Wako yuko hapa," Stellamaris alisema. Alikuwa ameingia bila kubisha, na Twalibu hakumzuia. "Ulikaa pembeni yangu siku nilipotoa maelezo. Ulinishika mkono. Ulisema, 'Sema kila ulichosikia, mwanangu, usimfiche kaka yako.' Ulikuwa unajua baba anakunywa maziwa Mzenga."

"Nilifanya kwa ajili yako. Yule akishika kiti, wewe utakuwa karani wake mpaka uzeeke."

"Mimi nilikuwa nampigia kura Bernard, mama."

Mama Esteria alimkazia macho.

"Anakijua kiwanda kuliko mimi," Stellamaris alisema. "Sikumwambia mtu kwa sababu sikutaka baba aumie kabla ya siku yenyewe. Ungeniuliza tu. Tulikuwa tunakula meza moja."

Fadhila alimwachia Twalibu kuchukua maelezo ya mama, akaenda kaunta kusaini fomu ya kumwachia Bernard.

Bernard alitoka akipepesa macho. Alikuwa ameshaelezwa yote mahabusu, kwa ufupi, na askari wa zamu. Alipokea mkanda wake, akauvaa polepole, tundu kwa tundu. Kwenye benchi mbele yake alikaa baba yake, katikati ya askari wawili, mabuti ya mpira bado yana mavi ya ng'ombe.

Mzee alisubiri shikamoo. Ilikuwa wazi anaisubiri, maana alikuwa ameinua kidevu kidogo, tayari kuitikia. Haikuja.

"Sikujua habari ya saa," mzee alisema hatimaye.

"Ulijua niko ndani?"

"Bernard, mwanangu..."

"Ulijua, hukujua?"

"Nilijua."

Bernard aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo akaukagua na kuukuta kamili. Alimpa Fadhila mkono, akamshukuru, akaelekea nje. Mlangoni alisimama Stellamaris, funguo za gari mkononi, gauni lina udongo mpaka kiunoni.

"Kaka, nikupeleke."

"Natembea."

"Mpaka kwako? Ni mbali."

Bernard alishuka ngazi za kituo, akashika njia ya barabara kuu ya Morogoro. Stellamaris aliliacha gari lake lilipokuwa, akamfuata kwa miguu, hatua kadhaa nyuma. Fadhila aliwatazama kutoka dirishani mpaka wakapotea nyuma ya malori yaliyoegeshwa. Bernard hakumwambia arudi. Hakumsubiri pia.